Jina Kamili la Kitoto

Monte Guaraca,
Jumapili, 15 Juni 1986

Dada yangu Tencha,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha kubembea, magoti yametulia na sukari imeshuka. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wakati wa mvua za Mei, lakini kimeachia. Macho bado yanasoma, mradi herufi ziwe na adabu ya kuwa kubwa. Nijulishe hali ya mpwa wetu Rolando, na kama paa la jikoni limezibwa, na kama yule kasuku wa jirani bado anawatukana watu wanaotoka kanisani.

Barua yako ya Februari niliipata Aprili, imefunguliwa na wakaguzi wa huko na kufungwa tena kwa gundi mbaya, kama kawaida. Ulinieleza kwamba chumba cha uani kimepakwa chokaa, kwamba Rolando ameulizia ofisi ya uhamiaji na kuambiwa mzee wa umri wangu anaweza kuruhusiwa kurudi kuishi huko nyumbani nilikotoka, na kwamba unataka jibu, ndiyo au hapana, si falsafa. Neno falsafa ulilipigia mstari mara mbili. Nitakujibu, Dada. Jibu limo humu humu. Lakini hutalielewa mpaka ujue tulivyomchagua mchezaji wa Bundi, kwa hiyo vumilia, na usiruke kurasa. Nakujua.

Bundi ndio timu yetu ya mpira wa kikapu. Nilipokutajia jina hilo mara ya kwanza ulinijibu kwa maneno yale yale ambayo Mama alimwambia kila bundi aliyepita juu ya paa letu: nenda zako peke yako! Hukukosea sana. Misimu mitatu tumeburura mkia wa ligi. Mchezaji wetu bora ni Kipanga, tarishi anayeniletea barua zako, na Kipanga ana miaka thelathini na tisa. Akiruka kuwania mpira, magoti yake husikika hadi jukwaani, na watu wa timu ngeni humwonea huruma wakapiga makofi.

Mwenye timu ni Doña Provi wa duka la mikate. Mwezi Januari alituita, akafuta mikono kwa aproni, akatwambia kwamba tajiri mmoja wa pwani anataka kuinunua timu na kuihamishia mjini kwake. Yeye alikuwa amemjibu asubiri. Mwaka huu, alisema, tutaijenga timu upya kuanzia chini kabisa, maana chini tumeshafika. Kwa huruma ya ligi, anayemaliza wa mwisho ndiye anayetangulia kuchagua katika uteuzi wa chipukizi. Tukimpata kijana anayefaa, tajiri atarudi kwao mikono mitupu. Tukiipoteza nafasi hiyo, yeye Provi anauza, na Jumamosi jioni mji mzima ubaki nyumbani ukicheza domino mpaka kiama.

Akaunda kamati ya watu watatu: yeye mwenyewe, kocha Chago, na mimi. Nilishangaa. Unajua kwamba mpira niliwahi kuucheza mara moja tu, shuleni, nikavunja miwani. Lakini Provi alitoa sababu mbili. Kwanza, kulikuwa na barua za Kiingereza za kusoma. Pili, mimi ndiye mtu pekee hapa mlimani ninayejua majina ya watu.

Hiyo ya pili lazima nikufafanulie. Hapa, Tencha, jina la ubatizo hutumika mara mbili, kwenye maji na kwenye jiwe la kaburi. Katikati, mtu ana jina alilopewa na mji. Mnene kuliko wote anaitwa Sindano. Mwenye duka la vifaa, kichwa kinang'aa kama sahani, anaitwa Nywele, na mwanawe mwenye nywele tele amerithi, naye ni Nywele Mdogo. Hata bahasha huandikwa hivyo, na Kipanga huzifikisha bila kosa. Mimi peke yangu nimewaita watu wote kwa majina yao kamili tangu siku niliyopewa ufunguo wa maktaba ya manispaa. Nao wakaniita Don Fermín, miaka ishirini na mitano, bila kuniongezea chochote. Nilidhani ni heshima.

Majina matatu yaliwekwa juu ya meza ya kukandia unga. La kwanza lilikuwa la Dwayne Arroyo, mzaliwa wa New York, ambaye bibi yake alizaliwa hapa na kwa hiyo, kwa kanuni za ligi, naye ni wa kwetu. Ana mita mbili na sentimita kumi, na Kihispania chake chote ni majina ya vyakula. La pili lilikuwa la Kitoto. Huyu ni mwana wa Luz, yule mama mwenye ulimi wa wembe niliyekwisha kukusimulia, anayeniletea pasteles zilizofungwa kwenye majani ya mgomba kila Krismasi na kuninunia kila uchaguzi. Alikuwa kitinda mimba wao, wakamwita Kitoto, na jina likamng'ang'ania hata alipokaribia mita mbili. La tatu lilikuwa la binamu yake, Askofu, na huyo hakuna aliyemjadili. Aliingizwa kwa kuwa babu yao alikataa katakata kumwandikisha mjukuu mmoja na kumwacha mwingine. Askofu ni mpana kama mlango wa kanisa, hutembea kana kwamba yuko nyuma ya msalaba, na akimgonga mtu kiwiko huuacha mpira uende zake ili aombe radhi.

Chago alimtaka Dwayne. Urefu haufundishwi, alisema. Kudunda mpira unaweza kumfundisha hata mbuzi, lakini mbuzi huwezi kumrefusha. Provi akamjibu kwamba yeye amekaa mbele ya tanuri maisha yake yote, na donge linaloumuka upesi hunywea upesi. Chago akasema hapa hatuzungumzii maandazi. Provi akasema, basi tuzungumzie misimu mitatu ya huyo aliyetuchagulia wachezaji, ni nani vile? Chago akainamia kahawa yake.

Basi Dwayne akaja tumwone. Siku hiyo mvua ilinyesha, na paa la uwanja wetu linavuja kwenye mstari wa mitupo ya adhabu, kwa hiyo ndoo ilikuwa mahali pake. Kijana aliizunguka ndoo mara kadhaa akidunda mpira, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama na yenyewe ni mmoja wa walinzi wetu. Nilitafsiri bila kupunguza neno. Kipanga alisema mwambie ndiyo, na ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote mwaka jana.

Kisha Provi akatuma mtu amwite Kitoto, ambaye alikuja kutoka shambani, suruali imejaa utomvu wa ndizi. Wakacheza wawili, mmoja kwa mmoja. Kitoto alimpa mgeni mpira aanze yeye, kwa adabu, kama anayemkaribisha chakula. Halafu hakumwachia tena. Alirusha kutoka kulia, akarusha kutoka kushoto, akarusha akiwa amesimama nyuma ya ndoo, na kila mara nyavu zilitoa ule mlio mdogo wa kitambaa kinachochanika. Mwisho Dwayne aliketi sakafuni, akacheka mpaka machozi, akaniambia niwaeleze wazee hawa kwamba wakimwacha Kitoto na kumchukua yeye Dwayne, basi ni wajinga. Nilimpenda sana kijana yule. Chago hakusema neno la mbuzi tena. Tukakubaliana: Kitoto.

Uteuzi ulifanyika hotelini, San Juan, Jumamosi moja ya Machi. Tulishuka mlima ndani ya gari la mikate, Chago akiendesha, Provi katikati, mimi dirishani na suti yangu ya kitani. Walinichagua niwe mtangazaji kwa sababu ya sauti yangu, na nisikufiche, tangu juzi yake nilikuwa nikijizoeza mbele ya kioo. Tulikuwa tumeshachelewa, maana Provi hakukubali kuondoka kabla mikate ya asubuhi haijagawiwa. Kwenye kona ya tatu nikakumbusha kwamba katibu wa ligi anataka jina kamili la mchezaji, jina lake na majina yote mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, kama wewe na mimi tulivyo Agüero kisha Varona. Nikauliza jina la Kitoto ni nani.

Tukafika kona ya nne.

Chago alisema yeye amemfundisha tangu akiwa na miaka minane, na kwenye orodha ya timu ameandikwa Kitoto. Akamgeukia Provi: "Wewe si mama yake wa ubatizo? Si ndiye uliyembeba?" Provi akawaka: "Nilimbeba, sikumhoji! Tena alikuwa analia, nani angesikia?" Tukasimama kwenye banda la nguruwe wa kuchoma lenye simu, Provi akapiga nyumbani kwa Luz. Luz alikuwa ametangulia San Juan na vijana wote wawili. Aliyepokea ni bibi mzaa baba, asiyesikia vizuri, na Provi alipiga kelele mpaka wachoma nyama wakaacha visu. Bibi akajibu kwamba Kitoto hayupo, amekwenda kuchaguliwa. Jina lake? Kitoto. Kwani mmeshamsahau, na hamjamchagua bado?

Provi akarudi garini, akanitazama. Chago naye akanitazama, na huku akiendesha, jambo ambalo sikulipenda. Provi akasema, basi Don Fermín, hapa ndipo tulipokuhitaji. Nami nikakohoa, nikanyoosha mikono ya koti, nikatamka kama ninavyotamka daima, kila silabi imevaa viatu: Ángel Luis Cintrón Maldonado. Chago akapiga usukani kwa furaha. "Huyo ndiye msomi wetu, bwana!"

Tulipoingia ukumbini, katibu alikuwa ameshatuita mara mbili na alikuwa amefungua kinywa kutuita ya tatu. Nilisukumwa jukwaani moja kwa moja. Mbele yangu kulikuwa na vipaza sauti vya redio, na chini, mstari wa mbele, vijana waliovaa suti za kuazima. Kitoto na Askofu walikaa pamoja, suti zao zimeshonwa na Luz kutoka jora moja. Kitoto alikuwa ameshaanza kuinuka. Mtu akaniwekea mbele yangu orodha ya chipukizi, na jicho langu, bila kuombwa, likaona kwamba humo alikuwamo Ángel Luis Cintrón Maldonado, na chini zaidi, Ángel Luis Maldonado Cintrón.

Baadaye nilielezwa vizuri. Baba yake Kitoto, Maldonado, alimwoa Luz Cintrón. Kaka yake Luz akamwoa dada wa huyo Maldonado. Na wana wao wote wawili walipewa jina la babu yule yule. Nyumba mbili, majina yale yale, yamepishana kama watu wawili mlangoni. Mji mzima haukuwahi kusumbuka, kwa sababu mmoja ni Kitoto na mwingine ni Askofu. Sasa tatizo liko wapi?

Nikasoma lile nililokwisha kulisema. Nililisoma vizuri sana, Dada. Wanasema redioni lilisikika kama kengele.

Askofu akainuka. Alikuwa na mkate mkononi, maana alikuja kumsindikiza binamu yake tu, na alikuwa hajala. Akasema kwa sauti ya upole iliyofika kila kona ya ukumbi, "Don Fermín, niwie radhi, nadhani umekosea." Mwenyekiti wa ligi akasema jina likishatoka kwenye kipaza sauti limetoka. Provi aliyoyasema siwezi kuyaandika, hasa kwa kuwa barua zako hufunguliwa. Kabla hajamaliza, timu ya Bahía Mansa iliyokuwa ya pili ikapaza jina la Kitoto, tena kwa mpangilio wake sahihi, kwa sababu wao walikuwa wamefanya jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiria. Walimwuliza mwenyewe.

Tulipanda mlima. Askofu alikaa nyuma, kati ya makreti matupu, na kila baada ya kona chache aliomba radhi.

Kesho yake kila mtu kisiwani alikuwa na kichekesho chake. Kinyozi aliniuliza kama aanze na kisogo. Mikate ilipoletwa, wangu ulikuwa umepinduliwa, tumbo juu. Sindano aliniamkia asubuhi kwa "usiku mwema", na Nywele akanisimamisha uwanja wa kanisa, mbele ya watu, akaniomba nimkumbushe mkewe anaitwa nani, ila nisimtaje kwenye kipaza sauti asije akachukuliwa na Bahía Mansa. Niliacha kutoka. Nilikaa maktaba na mlango nusu wazi. Nilisema moyoni kwamba hapana, sasa imetosha, na nilitoa chini ya kitanda lile sanduku nililokuja nalo, nikalifuta vumbi. Ndipo barua yako ilipofika. Ungeniuliza ana kwa ana siku ile, ningekujibu ndiyo kabla sijavaa miwani.

Tajiri wa pwani alikuja wiki iliyofuata kutia saini. Provi alikuwa ameshakata tamaa. Kalamu ilikuwa mezani, kati ya unga. Lakini bwana yule alisema kwamba, baada ya kituko kile cha redio, angebadilisha jina la timu, rangi, na wachezaji wote, ili kule kwake pasibaki mtu wa kuikumbuka Monte Guaraca, maana hawezi kuwa mwenye timu ya kuchekwa. Nilikuwapo; nilikuwa nimeitwa niwe shahidi. Provi aliuliza polepole, kuchekwa na nani? Akasema, na kila mtu. Provi akachukua lile koleo refu la mbao la kuingizia mikate tanurini. Akamwambia kwamba sisi ni wajinga, hilo halina ubishi, lakini ni wajinga wake yeye, na kwamba mtu asiyestahimili kuchekwa akanunue kiwanda cha barafu. Tajiri alitoka na unga mgongoni. Kwa hiyo timu ipo. Iko pale pale mkiani, lakini ipo.

Luz hakusema nami mpaka Pasaka. Siku hiyo aligonga mlango na sahani iliyofunikwa. Akasema, "Mwanangu umempoteza, Mungu akusamehe, ila kwa mara ya kwanza katika nyumba ile jina langu limetangulia." Akaniuliza kwa nini nilimtanguliza Cintrón. Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kuiona nyumba ile kuwa ya mtu mwingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Kitoto, aliongeza, anafurahi pwani. Anasema uwanja wao hauna ndoo na anaikumbuka.

Sasa nikuungamie, Dada. Ndani ya gari lile sikuwa najua. Nilijua majina, sikujua mpangilio, ndiyo maana niliwauliza, na ningeweza kusema hivyo. Lakini miaka yote hii nilikuwa nimejishikiza kwenye kitu kimoja, kwamba mimi ndiye nisemaye majina kamili. Mgeni anayekataa kuvua kofia husema ni kwa adabu. Kumbe hataki kukaa. Nilikuwa nimesimama hivyo mlangoni mwa mji huu kwa robo karne, sanduku chini ya kitanda, na wao wakaniacha nisimame. Wangemwitaje kwa utani mtu aliye njiani?

Jumamosi iliyopita Bahía Mansa walikuja kucheza kwetu. Provi alinitumia Kipanga, akisema nisipotokea atakuja mwenyewe na koleo. Kitoto alitufunga vikapu bila huruma, na kila kikapu watu wetu walimshangilia na kumtukana kwa pumzi moja. Karibu na mapumziko, Askofu akapata mpira mikononi, kitu ambacho si cha kila siku. Aligeuka, akaona njia iko wazi kabisa, akaenda nayo kwa hatua za maandamano, akarusha, na mpira ukaingia safi. Njia ilikuwa wazi kwa sababu kikapu kilikuwa chetu.

Kisha Sindano, kutoka juu kabisa, akapaza sauti: "Kinyume!" Jukwaa zima likadakia, Kinyume, Kinyume, wakipiga miguu, na nikaona kwamba hawamtazami Askofu. Wananitazama mimi. Dada, nilisimama. Nilivua kofia, nikainama kulia, nikainama kushoto. Uwanja ulilipuka. Chago alikuwa akifuta machozi kwa taulo la timu, na Kitoto, adui yetu, alikuja hadi kwenye kamba akanipa mkono. Tulifungwa vibaya sana. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyelewa, na njiani watu waliokuwa wamenipita miaka yote kwa "jioni njema, Don Fermín" walinipita kwa "Kinyume, vipi huko?"

Kwa hiyo jibu ni hapana. Nimelichelewesha mpaka hapa kwa sababu najua litakuuma, na kwa sababu nami linaniuma. Usifikiri nimeisahau mitungi mikubwa ya uani, wala harufu ya udongo wake mvua ya kwanza ikinyesha. Nitakuja kukutembelea Rolando akipata kibali, nikae kwenye chumba chenye chokaa mpya, nigombane nawe wiki tatu. Lakini nitakuja na begi la kuazima. Lile sanduku nimempa Askofu kwa safari za mechi za ugenini. Viatu vyake peke yake vimelijaza.

Msalimu Rolando na watoto. Msalimu Padre Eusebio kama bado yu hai, na kasuku hata kama hastahili. Tumia dawa zako, na usipande ngazi kutazama lile paa. Utakaponijibu, usihangaike kuandika jina langu na yale mawili ya ukoo na namba ya nyumba. Kipanga anasema siku hizi inamchanganya. Andika tu juu ya bahasha: Kinyume, Monte Guaraca. Itafika.

Ndugu yako akupendaye,

Fermín
(Kinyume)